Miaka Miwili Niliyomwongezea

Huku kwetu mpakani mtoto huweza kuwa na tarehe mbili za kuzaliwa, na hakuna anayeshangaa. Moja ni ya Uganda, nyingine ya Kenya. Mzazi huweka karatasi zake katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja chini ya godoro na mwingine ndani ya debe la unga, na kabla ya kuvuka hujiuliza kwanza anakwenda upande gani. Kanuni ni rahisi, watoto wanaijua kabla hawajajua kusoma: ukiwa Kenya toa karatasi ya Kenya, ukiwa Uganda toa ya Uganda. Ipo na kanuni ya pili, ambayo haisemwi sana kwa sababu haihitaji kusemwa. Aliyekupa karatasi hatajwi.

Nilifundisha miaka mingi katika shule ya msingi huko Masaba, upande wa Uganda, na hatimaye nikawa msaidizi wa mwalimu mkuu. Muhuri wa shule ulikaa kwenye droo yangu. Rejista zilikaa katika kabati la chuma nyuma ya kiti changu, zimepangwa kwa mwaka, kila moja imefunikwa kwa karatasi ya kaki. Kwa kuzaliwa mimi si mtu wa Masaba. Nimezaliwa Molo, kule Tororo, kwa Wateso, na kazi ndiyo iliyonileta kwa Wasamia. Lusamia nilijifunza kwa watoto kwanza, kisha kwa bibi zao.

Bibi mmoja kati ya hao alikuja ofisini kwangu mwezi wa Januari, shule ilipokuwa inakaribia kufunguliwa. Wote tulimwita kukhu, ndiyo bibi kwa Lusamia. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa kike, mtoto wa binti yake aliyefariki. Mtoto huyo nilimjua tangu siku ya kwanza ya darasa la kwanza, kukhu alipokuja na kadi ya kliniki nami nikainakili tarehe kwenye rejista kwa wino wa bluu. Kadi yenyewe ililiwa na mchwa baadaye, pamoja na nusu ya Biblia iliyokuwa imeihifadhi. Ukabaki mstari wangu peke yake.

Siku hiyo kukhu alikuwa na kikapu cha njugu.

"Madam, mtoto anakwenda Busia," akasema. "Kwa mama mdogo yake. Upande ya Kenya."

"Vizuri. Unataka barua ya uhamisho?"

"Barua, ndiyo. Lakini ongeza yeye kidogo."

"Nimwongeze nini?"

"Miaka. Mama mdogo iko na binti ya miaka kumi na tatu. Nataka hao wawili wakae darasa moja, wasome kitabu moja. Headmasta ya kule anasema huyu ni mdogo sana."

"Kwani ana ngapi? Kumi na mmoja, Novemba iliyopita."

"Si ndiyo. Ongeza mbili tu. Akili iko mingi, Madam. Miaka ndiyo iko kidogo."

Nilicheka. Nilikuwa nimeshaandika barua za namna hiyo, na walimu wengine pia. Nyingine kupunguza, nyingine kuongeza. Niliandika kwamba mtoto huyu ana umri wa miaka kumi na mitatu, tabia njema, bidii katika hesabu. Nikapiga muhuri. Haikuchukua hata dakika tano. Njugu nilizikaanga jioni hiyo hiyo nikala na chai, na zilikuwa tamu. Bado nakumbuka utamu wake, na ningependa nisiukumbuke.

Mwezi wa Juni mama mdogo wa mtoto alinipigia simu akilia. Mambo yalivyokuwa niliyapata kwake, kisha nikavuka mwenyewe Jumamosi iliyofuata nikasimama pale mahali, kwa sababu mimi ni mtu ambaye lazima aone.

Mtoto alikuwa akiuza uji asubuhi kabla ya shule, akipita na birika na vikombe vitatu kwenye safu ya vibanda vya nguo za mitumba. Asubuhi hiyo mwenye kibanda cha kwanza, mwanamke wa makamo, alisema uji umemwagikia sketi zake. Mtoto akasema haukumwagika. Mwanamke akachukua birika, akaumwaga uji wote mtaroni, akampiga kofi, akamwambia arudi kwao Uganda na wezi wenzake. Vijana wa boda waliokuwa pembeni wakacheka.

"Huyu mtoi wa UG ataenda kumwambia kukhu yake!" mmoja akapiga kelele.

Saa ya chakula cha mchana alitoka shuleni, akaenda kwa mama mdogo wake, akachota makaa ya moto jikoni kwa kopo la mafuta ya kupikia, akarudi na kuyamimina chini ya furushi la nguo nyuma ya kile kibanda. Palikuwa na upepo. Viliungua vibanda vitatu. Cha tatu kilikuwa cha fundi wa nguo, kijana aliyekuwa na mke na mtoto mchanga. Fundi alikuwa ametoka salama, kisha akarudi ndani kuiokoa cherehani. Chuma kilikuwa kimeshapata moto. Aliibeba kwa mikono yote miwili hadi barabarani, hakuiachia.

Mtoto alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kopo bado mkononi. Hakukimbia. Askari wa kike alipofika akauliza nani amefanya hivi, yeye ndiye aliyejibu.

"Mimi."

Nilipoisikia habari hiyo kitu cha kwanza nilichofikiria, kabla ya fundi na kabla ya mtoto, kilikuwa barua yangu. Katika ofisi yetu ya walimu kulikuwa na bango la haki za watoto, nami nililibandika mwenyewe kwa pini nne. Lilisema mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili hashtakiwi kwa kosa la jinai. Kwa Kenya nilijua ni vivyo hivyo. Wa miaka kumi na mmoja, afisa wa watoto angemrudisha kwa mlezi wake wakaangalia namna ya kumsaidia. Wa miaka kumi na mitatu hufikishwa mbele ya hakimu. Rejista yenye tarehe ya kweli ilikuwa mita moja nyuma ya kiti changu.

Sikuitoa. Nilijiambia wataona wenyewe alivyo mdogo. Nilijiambia vilevile kwamba mikono ya fundi nayo inadai haki, na hili lilikuwa kweli, ndiyo maana lilinifaa sana kujifichia.

Agosti shule zilipofungwa nilikwenda nyumbani Molo. Nilimkuta huko mtoto wa marehemu kaka yangu, mvulana wa miaka kumi na minne, amekalishwa chini nyumbani kwa baba yangu mdogo, amefungwa kamba kiunoni kama mbuzi. Wiki ile alikuwa amelichoma ghala la wimbi la jirani. Jirani alikuwa amemwita mwizi wa kuku mbele ya watu waliotoka kanisani, na yeye akangoja hadi Jumatatu, watu wako shambani, akawasha nyasi za paa. Wimbi la familia nzima, la mavuno mapya.

Nilivishangaa vitu viwili hivyo kukaa karibu namna ile katika mwaka mmoja. Kofi moja na neno moja. Moto huku, moto kule, watoto wawili waliotukanwa mbele ya watu.

Kwetu hakuna aliyezungumzia umri wake. Baba mdogo alimchapa kwanza, uani, kabla ya kikao, na viboko vilikuwa vingi kuliko alivyokuwa ametangaza. Nilikuwa nimebeba chungu cha maji. Nilisimama na chungu changu hadi alipomaliza, kisha nikampa mvulana maji. Alikunywa akitazama pembeni.

Kikao kilifanyika chini ya bati la mashine ya kusaga, maana mvua ilikuwa ikinyesha. Walikuja watu wa ukoo wetu, watu wa ukoo wa jirani, mwenyekiti wa kijiji na daftari lake. Waliweka chungu cha malwa, pombe ya wimbi, katikati, mirija bado haijatiwa; hainywewi mpaka neno limekwisha.

"Wewe mkosi wewe," mzee mmoja wa upande wao akamwambia mvulana. "Umechoma chakula ambacho mama yako angekuja kuazima mwezi wa tano!"

Watu wakacheka. Mwenye ghala mwenyewe, mtu mwembamba mwenye kikohozi, akasema, "Hata panya wangu wamehama. Wamehamia kwa mchungaji. Sasa nao wameokoka."

Wakacheka tena, na yeye hakucheka. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. "Mimi sitaki mnipe huyu mtoto, na sitaki mmpeleke polisi Tororo. Mkimpeleka, mimi nitalala njaa na yeye atakula kwa serikali. Nataka awe anaamka kwangu. Awe ananiona nikila mihogo."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Mvulana angejenga ghala upya, familia yetu ingelijaza kwa zamu, na yeye angelima kwa yule mtu hadi mavuno yanayofuata. Tulitoa beberu. Alichinjwa, koo mbili zikala sahani moja, kisha ndipo mirija ikatiwa chunguni. Na ikatangazwa, kama inavyotangazwa siku zote, kwamba kuanzia mlo huo moto ule hautajwi tena. Atakayeutaja atatozwa jogoo.

Nilirudi Masaba nikiwa na fahari fulani. Nililala vizuri siku tatu nne, nikiwaza kwamba sisi tunajua kuwalea waliokosa. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto wa kukhu yuko upande mwingine wa geti la mpaka, na kwamba kule hakuna beberu wa kumchinja.

Kesi ilisikilizwa Septemba. Za watoto husikilizwa chumbani, milango imefungwa, na mtu asiyehusika haruhusiwi. Mlangoni karani alinizuia.

"Huyu ni nani wa mtoto?"

"Binti yangu," akasema kukhu, bila kunitazama. Nikaingia kama mama mdogo wa pili. Katika mkoba wangu nilikuwa na ile rejista. Nilikuwa nimeichukua kabatini asubuhi hiyo, nikaifunga kwa kitenge, nikavuka nayo geti bila kuulizwa.

Nataka kuwa mkweli kuhusu chumba kile. Kilikuwa na upole kuliko uani kwa baba yangu mdogo. Hakimu, mwanamke kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, hakuvaa joho. Askari hakuwa na sare. Mtoto alikalishwa kiti cha kawaida, miguu haifiki sakafuni, na swali la kwanza aliloulizwa ni kama amekula.

"Nimekula, Mheshimiwa."

"Umekula nini?"

"Chai na mkate. Mkate ilikuwa mbili."

Alipoulizwa kuhusu moto alieleza kwa mpangilio, kama nilivyomfundisha kueleza hesabu ya maneno. Mwishoni akaongeza, "Nilitaka nguo zake ndiyo ziungue. Fundi sikumtaka."

Fundi alikuwepo. Mikono yake ilikuwa imepona kwa namna ya kupona: ngozi ya waridi, inayong'aa, vidole vimeshikana viwili viwili. Aliulizwa kama ana neno.

"Mimi sitaki mtoto afungwe," akasema. "Mimi nataka vidole vyangu." Kisha akakaa.

Ndipo likaja suala la umri. Hakimu alimtazama mtoto kwa muda. Nadhani aliona. Alisema daktari amepima meno na mifupa, na ripoti inasema kati ya miaka kumi na mmoja na kumi na minne, kwa hiyo kama kuna hati yoyote ya kuaminika ingesaidia mahakama.

Kukhu akasimama. Alikuwa amevaa gomesi yake ya kanisani, na kutoka kifuani akatoa mfuko wa plastiki. Mfuko wa Kenya. Alikuwa amejiandaa vizuri. Tulikuwa Kenya, na alikuwa na karatasi ya kutumia upande wa Kenya, yenye muhuri, safi, isiyo na mkunjo. Maisha yake yote karatasi ya namna hiyo ndiyo iliyomvusha. Akaipeleka mbele kwa mikono miwili.

Hakimu akaisoma barua yangu. "Bibi, mtoto huyu ana miaka mingapi?"

"Huku ana kumi na tatu, Mheshimiwa."

Yeyote aliyekulia hapa angemuuliza, na kule? Hakimu hakukulia hapa.

"Mwalimu aliyeandika barua hii yupo?"

Kukhu alikuwa amerudi mahali pake, nami nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake, goti langu karibu kugusa gomesi yake. Rejista ilikuwa mapajani. Nilichohitaji ni kufungua fundo la kitenge. Nikaiona kazi yangu, nyumba ya shule niliyokuwa naishi, jina langu kwenye redio ya asubuhi. Nikangoja kukhu ageuke. Nilijua kwamba akigeuka, nitasimama.

Hakugeuka. Hata bega halikucheza.

"Mwalimu iko Uganda," akasema. "Iko mbali."

Aliyekupa karatasi hatajwi. Alinilinda kwa adabu ileile aliyolelewa nayo, na mimi nikakubali kulindwa.

Hakimu aliamuru mtoto apelekwe shule ya kurekebisha tabia, mbali sana na Busia, kwa muda usiozidi miaka mitatu, na maendeleo yake yawe yanaangaliwa. Alisema kwa sauti ya huruma. Mtoto aliuliza kama anaweza kwenda na daftari lake la hesabu, akaambiwa atapewa jipya.

Nje, kwenye ngazi, kukhu aliukunja ule mfuko wa plastiki mara nne.

"Madam," akasema, "karatasi haikutosha?"

Nilisema tutafute pikipiki, jua kali.

Baada ya hapo ndipo yule mwingine alipoanza kunijia. Sisemi mzimu, mimi ni Mkristo, na sijaona kitu ambacho mwingine hangeweza kuona. Lakini nilikuwa nimemtengeneza mtu. Kwa wino na muhuri nilimtengeneza msichana wa miaka kumi na mitatu, mwenye jina, mwenye tabia njema, na huyo ndiye aliyeshtakiwa, ndiye aliyepakiwa kwenye gari. Nilipoita majina asubuhi na kufika mahali ambapo jina lake lingekuwa, sauti yangu ilitua peke yake, na watoto walinitazama. Msichana yeyote mrefu akipita dirishani nilihesabu: huyu kumi na miwili, huyu kumi na mitatu. Kwenye foleni ya kisima, kwenye kwaya. Nilikuwa nikimtafuta, na nilikuwa nikiogopa nisije nikamwona. Kichwani mwangu hakuwa na uso. Alikuwa na kopo tu.

Na yule wa kweli, wa kumi na mmoja, naye alikuwa wapi? Kukhu alimtunzia kitanda. Kila nilipopita aliniambia kitu kimoja. "Nimetandika."

Krismasi nilikwenda Molo. Ghala jipya lilikuwa limesimama, zuri kuliko la zamani, lakini kijana hakuwepo. Mama yake alisema amekwenda Majanji, ziwani, kuvuta nyavu na watu asiowajua, kabla ya kumaliza kazi aliyopangiwa.

"Kwani walimtukana?" nikauliza.

"Nani atukane? Jogoo ni ghali." Akapepeta wimbi. "Ni watoto. Akipita wanafanya hivi." Akaweka ulimi kwenye meno, akatoa sauti ndogo, tssss, kama nyasi kavu zinaposhika moto. "Hawataji kitu. Huwezi kumtoza mtu jogoo kwa kupumua."

Hapo fahari yangu ilikwisha. Nilikuwa nimewaweka kwenye mizani wale watoto wawili, mmoja aliyepigwa akabakizwa nyumbani, mmoja ambaye hakuguswa hata ukosi akapelekwa mbali, nikitafuta upande wenye nafuu ili nijue nisimame wapi. Wa nyumbani naye alikuwa hayupo nyumbani.

Februari nilivuka na rejista, nikaenda kwa afisa wa probesheni aliyeshika faili la mtoto. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye fulana ya timu ya mpira chini ya koti. Nikafungua kitenge, nikafungua ukurasa, nikaweka kidole kwenye mstari. Kisha nikaweka kando yake nakala ya barua yangu. Hakuhitaji maelezo. Alitazama saini moja, akatazama nyingine.

"Mwalimu, unajua hiki ni nini?"

"Rejista ya shule."

"Hiki ni kesi. Yako." Akavua miwani. "Ungekileta Septemba, yule mtoto angekunywa chai ya jioni kwao."

"Najua."

"Kwa nini leo?"

Nikamsimulia habari ya Molo, yote, na beberu, na viboko. Alisikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa kupenda habari.

"Nyinyi mna kitu huko," akasema mwishoni. "Sisi hapa fundi hajamwona tena yule mtoto, na hatamwona. Anakuja kwangu kuuliza mtoto ameambiwa nini, ameomba msamaha au la. Nimwambie nini? Faili halina ukurasa wa hivyo." Akafikiri kidogo. "Na huyo kijana wenu, sasa yuko wapi?"

"Majanji."

"Anakuja nyumbani?"

"Haji."

Akavaa miwani yake akaanza kuandika.

Adhabu yangu ilikuwa ndogo. Walinivua usaidizi wa mwalimu mkuu, wakanihamishia shule nyingine hapa hapa wilayani, wakamkabidhi mtu mwingine muhuri. Kesi ya jinai ilizungumzwa kisha ikanyamaza. Lakini karatasi za kumrudisha mtoto zilikwenda taratibu, kama karatasi zinavyokwenda zikibeba ukweli badala ya uongo. Ilibidi ziende ofisi ya hakimu, ziende kule shuleni, zirudi na swali, ziende tena na jibu. Barua yangu ya uongo ilikuwa imefanya kazi yake asubuhi moja. Rejista ilichukua miezi kumi.

Nilikwenda kwa kukhu kabla ya kuhamia shule mpya nikamweleza yote, kwamba karatasi aliyoipeleka ndiyo iliyomfunga mtoto, na kwamba nilikuwa nyuma yake na nyingine mapajani. Alikuwa akichambua mboga. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua uko nyuma," akasema. "Nilisikia wewe unapumua." Kisha akaongeza: "Mimi nilifikiri unalinda sisi." Alinipa maji ya kunywa, kama mgeni.

Mtoto alirudi Desemba. Nilipata habari siku ya pili nikaenda. Alikuwa amesimama mlangoni, na nilipoingia uani akanyoosha mikono ubavuni na kukaza miguu pamoja, kama wafanyavyo kule mtu mzima akiingia. Kukhu akamwambia, "Acha hiyo," bila ukali, na nikaelewa kwamba analisema mara nyingi kwa siku. Kitandani mwake shuka lilikuwa limekunjwa pembe nne sawasawa. Aliomba ruhusa kwenda chooni, akangoja hadi akapewa. Hakuwa amekonda. Aliongea Kiswahili kizuri kuliko sisi sote.

Alikuwa amerefuka. Hilo ndilo lililonisimamisha pale uani na kilo zangu mbili za sukari mkononi. Miguu mirefu, shingo, namna ya kuinamisha kichwa. Mwezi mmoja nyuma, mvua za mwisho zilipokuwa zikikatika, alikuwa ameitimiza miaka kumi na mitatu, huko mbali, kati ya watu waliodhani anatimiza kumi na mitano. Nilikuwa nimemtafuta msichana yule kwenye foleni na kwenye kwaya, na sasa alikuwa amekuja mwenyewe. Alikuwa na uso. Ulikuwa uso wa mtoto wangu wa darasa la kwanza.

Aliuliza kuhusu fundi. Nilimwambia anauza vocha za simu karibu na geti, na kwamba huuliza habari zake.

"Nataka kwenda kumwona," akasema. "Kule walisema si lazima."

"Tutakwenda pamoja," nikasema. Kukhu akatazama mbali, kisha akasema kuku jike yupo, mtu haendi mikono mitupu.

Nilikuwa nimekuja na fomu ya kumwandikisha shule mpya, upande wa Uganda. Tulikaa kwenye mkeka. Jina aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kule, ulionyooka kama uzio. Jina la mlezi. Kijiji. Alipofika kwenye umri alisimamisha kalamu, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama mtu anayeuliza njia kwa aliyewahi kumpoteza.

"Madam, niandike ngapi?"

"Kumi na mitatu," nikasema.

Akafikiri.

"Kumi na mitatu tena?"